Jemadari: Cheo kilichopanda ngazi kilipovuka bahari

Na Mwandishi Wetu

KATIKA orodha ya vyeo vya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) hakuna jemadari. Anayeipitia orodha hiyo kuanzia chini kwenda juu atamkuta koplo, sajini, luteni usu, luteni, kapteni, meja, kanali na hatimaye majenerali wa madaraja manne, lakini jemadari hatamwona.

Hata hivyo, hakuna msomaji wa magazeti asiyelijua neno hilo. Jemadari yumo katika masimulizi ya vita vya zamani, yumo katika mahubiri, yumo katika majukwaa ya kampeni, na amehamia hata katika kurasa za michezo, ambako kocha aliyeshinda mechi tatu mfululizo tayari ni jemadari.

Kamusi humweleza kuwa ni mkuu wa jeshi, yaani jenerali. Maelezo hayo ni sahihi kwa Kiswahili, lakini yamekuwa mtego kwa wanaotafsiri habari za historia yetu wenyewe.

Mwezi Novemba 1914, jeshi lililoletwa kutoka India na Waingereza lilishambulia Tanga na kushindwa vibaya na askari wa Wajerumani walioongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Januari 1915, kikosi kingine cha askari wa Kihindi kilizingirwa Jasini, karibu na mpaka wa Kenya ya leo, kikasalimu amri. Katika kumbukumbu za wanajeshi wa Jeshi la India waliokufa katika vita hivyo, baadhi ya majina yametanguliwa na neno Jemadar.

Mtu anayejua Kiswahili akilisoma neno hilo, mara moja ataona jenerali aliyeuawa. Ukweli ni kwamba aliyeandikwa hapo alikuwa ofisa wa ngazi ya chini kabisa miongoni mwa maofisa wa Kihindi. Juu yake alikuwepo subadar, na juu ya subadar alikuwepo subadar mkuu. Wote watatu, hata wangekuwa na mvi na medali kifua kizima, walikuwa chini ya luteni usu wa Kiingereza aliyetoka chuoni juzi.

Swali basi ni hili: ilikuwaje cheo cha luteni mdogo nchini India kikawa cheo cha jenerali katika Kiswahili?

Mshika kundi

Neno lenyewe liliundwa katika Kiajemi kwa kuunganisha sehemu mbili. Ya kwanza ni jama, neno la Kiarabu lenye maana ya mkusanyiko au kundi. Ya pili ni dar, Kiajemi, yenye maana ya mwenye kushika au mwenye kumiliki. Jama-dar ni mshika kundi, mtu mwenye watu chini yake.

Sehemu hiyo ya kwanza si mgeni kwetu. Mzizi huo wa Kiarabu ndio uliotupatia jamaa, jamii, jumuiya na Ijumaa, siku ya watu kukusanyika. Kwa hiyo Ujamaa uliotangazwa na Azimio la Arusha mwaka 1967 na ujemadari wa vitani ni matawi ya mti mmoja, ingawa sidhani kama yupo aliyeyafikiria kwa pamoja.

Sehemu ya pili imezaa vyeo vingi nchini India. Subadar ni mshika suba, yaani jimbo. Havildar, ambaye ni sawa na sajini, ni mshika dhamana. Msomaji asidanganyike na neno bandari, ambalo nalo ni la Kiajemi, kwa kuwa "dari" yake ni sehemu ya neno lenyewe wala si kiambishi hiki. Na dari ya nyumba ni jambo jingine kabisa.

Inafaa kulinganisha na luteni. Neno hilo limetoka katika Kifaransa, na lina sehemu mbili zenye maana ya "mahali" na "mwenye kushika". Luteni ni mshika mahali pa mkubwa wake, kwa maneno mengine ni naibu. Waajemi na Wafaransa, pasipo kuulizana, waliunda vyeo vya kijeshi kwa kitenzi kile kile cha kushika. Tofauti ni kile kinachoshikwa: mmoja ameshika nafasi ya mwenzake, mwingine ameshika watu.

Na tofauti hiyo si ndogo. Anayeshika nafasi ana mkubwa wake daima. Anayeshika kundi ukubwa wake unategemea ukubwa wa kundi. Mwenye watu kumi ni jemadari, mwenye watu elfu naye ni jemadari. Cheo kilikuwa wazi juu na chini, kikisubiri mahali pa kukipa kimo.

India ya karne za 18 na 19 ilikuwa imejaa majemadari wa namna hiyo. Wafalme na watawala wa majimbo waliajiri askari wa kukodi, Waarabu, Wabulushi na wengineo, kupitia kwa kiongozi wao. Jemadari alikuja na watu wake, alipokea fedha kwa niaba yao, akawalipa, na akawajibika kwa matendo yao. Waingereza walipopanga jeshi lao la India kwa madaraja, walimchukua mtu huyo wakambana katika ngazi ya chini ya uofisa. Nje ya jeshi hilo aliendelea kuwa huru.

Mfano mkubwa ni ukoo wa Qu'aiti wa Hadhramaut. Umar bin Awadh al-Qu'aiti alikwenda India akawa jemadari katika jeshi la Nizam wa Hyderabad, akapata mali nyingi, na kizazi chake kikarudi Arabuni na kuitwaa miji ya Shihr na Mukalla katika nusu ya pili ya karne ya 19. Watawala hao wa mwanzo waliendelea kujulikana kwa jina la jemadari kabla ya kuitwa masultani. Ni bandari hiyo hiyo ya Shihr iliyowapa jina Washihiri wa pwani yetu.

Kutoka Makran hadi Mombasa

Neno halikufika Afrika Mashariki kwa vitabu. Lilikuja na Wabulushi.

Hawa ni watu wa Makran, pwani kavu ambayo leo imegawanyika kati ya Pakistan na Iran. Oman ilikuwa na mkono huko kwa muda mrefu. Mji wa Gwadar ulibaki chini ya Sultani wa Muscat hadi mwaka 1958, ulipouzwa kwa Pakistan. Kwa watawala wa Oman, Wabulushi walikuwa askari wa kuaminika kuliko Waarabu wenyewe kwa sababu iliyo wazi: hawakuwa na kabila la kulipigania katika magomvi ya koo za Oman.

Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala tangu 1806 hadi kifo chake mwaka 1856, aliwatumia kuishika pwani. Alipowaondoa Wamazrui madarakani Mombasa mwaka 1837, aliweka Wabulushi ndani ya Ngome ya Yesu, ile ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Mkuu wa kikosi hicho aliitwa jemadari. Msafiri wa Kiingereza Richard Burton, aliyefika Mombasa mwaka 1857, alimkuta humo jemadari aliyeitwa Tangai, mtu wa Makran. Burton huyo huyo alipokwenda bara kutafuta maziwa makuu pamoja na John Speke, walinzi aliopewa walikuwa Wabulushi, nao walikuwa na jemadari wao.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo neno lilipopanda. Mkazi wa Mombasa hakupata kumwona subadar. Hakujua kwamba huko India jemadari ana wakubwa. Alichokiona ni ngome, mizinga, askari wenye bunduki, na mtu mmoja anayewaamuru wote. Juu ya mtu huyo alikuwepo liwali kwa mambo ya mji, na Sultani aliyekuwa mbali Unguja. Kwa upande wa jeshi, jemadari ndiye aliyekuwa mwisho. Lugha ikampa kimo cha alichokuwa, si cha alichoandikwa.

Wakati huo huo cheo kile kilikuwa kinashuka kwingineko, na bahati imetuachia ushahidi hapa hapa Afrika Mashariki. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Maelfu ya vibarua waliletwa kutoka India, na kila kundi la vibarua lilikuwa na msimamizi wake. Msimamizi huyo aliitwa jemadar.

Wale waliosoma kisa cha simba wala watu wa Tsavo watakumbuka kwamba mmoja wa watu wa mwanzo kutolewa hemani na simba mwaka 1898, kwa mujibu wa mhandisi John Patterson, alikuwa Ungan Singh, Kalasinga mwenye maumbo makubwa. Patterson anamtaja kama jemadar. Hakuwa jenerali wala luteni. Alikuwa nyapara.

Kwa hiyo katika kizazi kimoja, kwenye njia ile ile itokayo Mombasa, neno moja lilimhusu mkuu wa ngome na mnyapara wa vibarua. Kiswahili kikachagua la kwanza. Lugha za India na Pakistan zilikwenda upande wa pili, na kwa mbali zaidi: huko, jamadar amekuja kuwa jina la mfagiaji, mtu anayesafisha mitaa na vyoo. Nchini India jeshi lilikiacha cheo hicho mwaka 1965, na mwenye nafasi hiyo akaitwa naib subedar, yaani naibu wa subedar.

Akida aliyeshushwa

Kama jemadari alipanda, akida alianguka.

Katika Kiarabu cha leo, aqid ni kanali. Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilimjua akida kuwa ofisa wa vita. Mwezi Januari 1875, manowari mbili za Uingereza ziliipiga mizinga Ngome ya Yesu ili kumtoa Muhammad bin Abdallah, akida aliyemwasi Sultan Barghash na kujifungia ndani.

Wajerumani walipoitwaa Tanganyika waliukuta utawala huo wa pwani wakautumia. Lakini kazi waliyompa akida haikuwa ya vita. Alipewa eneo la vijiji kadhaa, akakusanya kodi, akasimamia kazi za shuruti, zikiwamo za mashamba ya pamba. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, maakida walikuwa miongoni mwa wa kwanza kushambuliwa, kwani wao ndio waliokuwa sura ya serikali machoni mwa mkulima. Tangu hapo mtu wa kusini akisikia neno akida hakumbuki ofisa wa jeshi. Anakumbuka mtoza kodi na kiboko.

Mahali pamoja neno limehifadhi heshima yake ya zamani. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, yule ofisa wa Kirumi wa Kapernaumu anayesimuliwa katika Mathayo sura ya 8, mkuu wa askari mia, anaitwa akida. Na Naamani wa Shamu, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, ni jemadari. Watafsiri walikuwa na sikio zuri: akida kwa mia moja, jemadari kwa jeshi zima.

Wakuu wa kumi

Wakati Wabulushi walikuja kutoka mashariki, vyeo vingine vilishuka kutoka kaskazini, kwa njia ya Misri.

Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alitumwa na serikali ya Ujerumani kuzima upinzani wa Abushiri bin Salim. Hakuja na Wajerumani wengi. Alipitia Cairo akaajiri Wasudani wapatao 600, wengi wao wakiwa wanajeshi wa Misri waliokosa kazi baada ya Khartoum kuanguka mwaka 1885. Mwezi Mei walikuwa Bagamoyo. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huo huo, na Wasudani wakawa mhimili wa jeshi la Wajerumani nchini.

Jeshi la Misri lilijengwa na watawala waliotumia Kituruki, na vyeo vyake vilikuwa vya Kituruki. Huko mpangilio ulikuwa wa hesabu tupu. On ni kumi na bash ni kichwa, basi onbashi ni mkuu wa watu kumi. Yuzbashi ni mkuu wa mia. Binbashi ni mkuu wa elfu. Kundi ndilo lililotoa jina la cheo, na anayejua kuhesabu alijua nani amwamuru nani.

Hapa kwetu onbashi akawa ombasha. Juu yake alikuwepo shaushi, kisha bashaushi, kisha sol, na juu kabisa kwa mtu mweusi, efendi. Ndiyo maana nyaraka za Wajerumani kuhusu askari wetu zimejaa Kituruki, jambo linalowashangaza wanafunzi wa historia wanaotarajia Kijerumani.

Waingereza walipochukua nchi, ombasha na shaushi walikufa polepole. Koplo na sajini wakashika nafasi zao. Leo maneno hayo yamebaki katika kamusi na katika masimulizi ya watu ambao mababu zao walipigana upande wa Lettow-Vorbeck.

Efendi peke yake alipona, na historia yake ni ndefu kuliko ya wote. Neno hilo Waturuki walilitoa kwa Wagiriki, ambako lilimaanisha bwana au mwenye mamlaka. Katika miaka ya 1950 Waingereza walilirudisha rasmi katika kikosi cha King's African Rifles kama cheo kilicho kati ya sajini na ofisa kamili, kikiwa ndicho cha juu ambacho Mwafrika angeweza kukifikia wakati huo. Idi Amin alikipata mwaka 1959, kabla ya kufanywa luteni mwaka 1961.

Uhuru ulikifuta cheo hicho, lakini jina halikufutika. Lilikwishageuka afande. Leo si cheo cha mtu yeyote na ni cheo cha kila mtu: koplo wa trafiki ni afande, na kamishna ni afande. Limeenea Tanzania, Kenya na Uganda, likavuka hadi Rwanda na mashariki ya Kongo.

Askari naye alifuata njia ya kushuka. Kiarabu askar ni jeshi zima. Kiswahili kilimchukua mtu mmoja kutoka katika jeshi hilo, kikamwita askari, kikamsimamisha kwa heshima katikati ya Dar es Salaam katika sanamu iliyozinduliwa mwaka 1927, kisha kikampa lindo la usiku kwenye geti la duka. Wa vitani siku hizi hupenda kuitwa mwanajeshi.

Vyeo vya leo na kalamu za leo

Maasi ya askari ya Januari 1964 yalivunja jeshi la kikoloni la Tanganyika, na jeshi jipya likaundwa Septemba mwaka huo. Lingeweza kuvifufua vyeo vya zamani. Halikufanya hivyo. Lilibaki na majina ya Ulaya yaliyovalishwa sauti za Kiswahili, na kwa walio juu ya wote likatumia maneno ya hapa: Mkuu wa Majeshi, na Amiri Jeshi Mkuu, ambaye kwa mujibu wa Katiba ya Tanzania ni Rais. Amiri ni Kiarabu, mwenye kuamuru. Wazungu nao walilichukua neno hilo wakalipeleka baharini, wakapata admirali.

Kwa upande wa makundi, neno linalotumika zaidi ni kikosi, na herufi KJ zinazoonekana kwenye mabango ya kambi ni kifupi cha Kikosi cha Jeshi. Juu yake kuna brigedi, neno lililotoka Italia, ambako brigata lilikuwa kundi la watu tu, hata la marafiki wanaotembea pamoja. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 ndivyo vilivyolizoesha masikio ya raia, pale brigedi zilipotajwa kwa namba, 201, 207, 208, hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979.

Na hapa vyumba vya habari hujikwaa tena. Mwenye kuongoza brigedi nchini Kenya ni Brigedia. Nchini Tanzania ni Brigedia Jenerali. Ni watu wa ngazi moja. Waingereza waliliondoa neno jenerali katika cheo hicho baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Kenya ikafuata desturi yao, Tanzania hulitumia. Mwandishi anayeripoti mkutano wa makamanda wa Afrika Mashariki, akadhani kwamba mgeni wa Nairobi ni mdogo kwa mwenyeji wake kwa sababu hana neno jenerali, atawapanga vibaya kwenye picha.

Kuhusu wale wa Tanga na Jasini, njia iliyo salama ni kuliacha neno lao kama lilivyoandikwa, jamadar, na kuongeza kwamba ni ofisa mdogo wa Kihindi. Kwa anayesoma barua na taarifa za Kiingereza za karne ya 19 kuhusu Mombasa na Unguja, tahadhari ni ya kinyume: humo jemadar mara nyingi ndiye mkuu wa ngome, na kumwita luteni kutakuwa kumvua cheo ambacho watu wa mji ule walikwisha kumpa.